Namna ya Kuendesha Huduma za Bima Mtaani Bila Kuitegemea Mno Ofisi Kuu

Gharama nyingi za ofisi kuu ya kampuni ya bima hazitokani na jengo lake la Upper Hill, Nairobi, wala na idadi ya makarani waliomo, bali hutokana na faili moja kushikwa mara tatu au nne kwa sababu ilifika na upungufu. Wakala wa mtaa wa Kayole hutuma fomu isiyo na nambari ya PIN ya kodi ya mteja, karani akairudisha, mteja akatafutwa, fomu ikatumwa upya, na katika zunguka-zunguka hiyo yote hakuna aliyepata hata shilingi moja ya ziada. Wakala anayetaka kuwahudumia watu wake papo hapo mtaani aanzie hapo: kazi itokayo mikononi mwake isihitaji kurudiwa na mtu mwingine.

Hesabu yenyewe inalazimisha jambo hili. Tuchukue bima ya gari la kibinafsi ambayo malipo yake ni shilingi 30,000. Juu yake huongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, ambayo ni shilingi 60, mchango wa mfuko wa kuwafidia wenye bima wa asilimia 0.25, ambao ni shilingi 75, na ushuru wa stempu wa shilingi 40, hivyo mteja hutoa 30,175. Kamisheni ya asilimia 10 ni shilingi 3,000, nayo hukatwa kodi ya zuio (inayokatwa kabla wakala hajalipwa) ya asilimia 10, wakala akabaki na 2,700. Kwa bima ya mtu wa tatu, ile inayofidia tu wale waliodhuriwa na gari la mteja, ya shilingi 7,500, hesabu hiyo hiyo humwachia 675 tu. Akipanda matatu mara mbili kwenda mjini kufuatilia karatasi moja, na siku ikapotea, pato hilo limekwisha kabla hajalipa kodi ya kibanda.

Hatua ya kwanza, basi, ni kukubaliana na kampuni kwa maandishi kuhusu mipaka ya mamlaka yako. Andiko hilo lieleze kama unaweza kutaja bei kwa kufuata jedwali la kampuni bila kuuliza, kama unaweza kutoa cheti cha gari cha kidijitali wewe mwenyewe kupitia mfumo, kama picha zako za ukaguzi zinatosha kwa magari ya thamani fulani, na ni nani hasa wa kupigiwa simu jambo likivuka mpaka huo. Lieleze pia usiyoruhusiwa: kupunguza bei, kukiri kosa kwa niaba ya mteja, au kuahidi fidia. Mimi niliwahi kumwambia mteja, kwa kumhurumia tu, kwamba angelipwa, nikaja kugundua kwamba hati yake ya bima haikugusa hasara ya aina ile. Tangu siku hiyo husema, “Nimepokea taarifa yako na naipeleka leo,” na hapo naishia.

Kuhusu fedha sina nafasi ya kubembeleza. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, kinaikataza kampuni kubeba hatari kabla malipo hayajapokelewa, kwa hiyo pesa ya mteja iingie moja kwa moja kwenye nambari ya malipo ya kampuni kwa M-Pesa, na mahali pa akaunti paandikwe nambari ya usajili wa gari au nambari ya hati. Isipitie simu yako. Malipo yakiingia yakiwa na nambari sahihi, mhasibu wa ofisi kuu hana cha kutafuta, na mteja hana cha kuwa na shaka nacho.

Mawakala watatu au wanne wanaweza kukodi chumba kimoja, tuseme Umoja au Githurai, wakachangia intaneti, mashine ya kuchapisha na karani mmoja wa kupokea wateja. Ni mpango mzuri, mradi kila mmoja awe na leseni yake kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Bima, inayohuishwa kila mwaka, na karani asiye na leseni asiuze bima kwa jina la mtu mwingine. Nakala za vitambulisho na logibuku, yaani hati za umiliki wa magari, zifungiwe kabatini, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haibagui ofisi kubwa na kibanda.

Mahali ambapo wakala huokoa gharama nyingi zaidi, na pia heshima ya kampuni, ni kwenye madai. Asubuhi moja ya mvua mteja wangu mwenye pikapu, akitoka soko la Marikiti na shehena ya sukuma wiki, aligongwa ubavuni kwenye Jogoo Road. Nilifika nikiwa na simu na daftari. Nilipiga picha kila pembe ya gari, nambari za usajili za magari yote mawili, cheti cha bima cha yule mwingine, leseni za madereva, na barabara yenyewe, pamoja na alama za matairi ambazo mvua ilikuwa tayari inazifuta. Kisha tuliandamana hadi kituo cha polisi kuandikisha ajali na kuomba abstrakti, yaani hati ya polisi inayothibitisha ajali, na fomu ya madai tuliijaza tukiwa bado tunakumbuka ni nani aliyetoka upande gani. Taarifa ilifika ofisi kuu siku hiyo hiyo ikiwa kamili, isipokuwa abstrakti iliyofuata baadaye, na mthamini wa hasara alipotumwa gereji alikuwa na picha zote za kulinganisha. Hakuna aliyepiga simu kuuliza swali la pili.

Ni haki kuongeza kwamba kuipunguzia ofisi kuu gharama kusiwe njia ya kumbebesha wakala mzigo wote. Ukiwa unakagua magari na kupokea madai, omba kampuni ikupe mafunzo, ufikivu kamili wa mfumo, na muda maalumu wa kujibiwa, nayo yaandikwe kwenye lile lile andiko la mamlaka.

Bima zinazokaribia kuisha zinahitaji daftari au jedwali la kompyuta lililopangwa kwa tarehe. Mpigie mteja siku 30 kabla, kisha 7 kabla, na wenye matatu wanaolipa kila mwezi uwawekee orodha yao peke yao. Kila Ijumaa jioni linganisha vyeti ulivyotoa na malipo yaliyoingia na taarifa ya kamisheni, na tofauti yoyote utakayoiona iandikie kampuni kabla ya Jumatatu, ikiwa na nambari ya hati na nambari ya muamala.