Prelude ya Chopin: anza na mkono wa kushoto

Vijana wa tarabu hapa Mji Mkongwe wakitaka kuingia kwenye piano, mimi huwapa Prelude (kipande kifupi cha piano) namba 4 ya mtunzi Chopin, ya ufunguo wa E mainari, iliyochapishwa 1839. Kazi yangu ni utafiti wa teknolojia ya muziki, na kipande hiki sijakichoka. Kina vipimo 25 tu, yaani mafungu madogo ya mapigo.

Mkono wa kulia uweke kando kwanza, hata wiki nzima. Sikio lililozoea tarabu hukimbilia kwa mwimbaji au fidla, lakini hapa mwanzoni sauti ya juu imekaa kwenye noti ya B, inagusa C, inarudi. Mambo yako chini: noti tatu za pamoja, mapigo manane kwa kipimo, na mara nyingi moja tu hushuka nusu toni, yaani hadi kitufe cha jirani, huku nyenzake zimetulia. Itafute hiyo inayoshuka, iimbe kwa mdomo, kisha upige.

Halafu ndio kompyuta. Tafuta kibodi ya vitufe 88 vizito. Piano za mbao hapa pwani zina shida, unyevu ukipanda na kushuka ubao wake huvimba na kunywea, nyuzi zikatoka kwenye sauti. Kibodi yako iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, urekodi MIDI, yaani kumbukumbu ya vitufe ulivyopiga, si ya sauti. Kila noti itaandikwa na namba, 1 hadi 127, inayoonyesha kitufe kimeshuka kwa kasi gani, na kasi ndiyo inayoifanya piano itoe sauti kubwa au ndogo. Ukiona 40, 75, 38, 70, basi unagonga. Nataka namba zikaribiane, zipungue taratibu kadiri noti zinavyoshuka. Tafadhali usizisawazishe kwa programu! Rudi kwenye kibodi upige tena.

Mkono wa kulia ukiingia, wa kushoto uendelee kushika mapigo. Chopin mwenyewe aliwafundisha hivyo wanafunzi wake. Nguvu iweke akiba mpaka kipimo cha 17. Kwenye kimya cha kipimo cha 23 usiharakishe, subiri sauti iishe kabisa ndipo upige yale makundi matatu ya noti ya mwisho, polepole na kwa sauti ndogo sana.

Pedali, ile ya mguuni inayofanya noti ziendelee kusikika, iwe ya mwisho kujifunza. Ibadilishe kila noti inaposhuka, maana ukiiacha imekanyagwa, ile nusu toni itachanganyika na iliyopita na hutoisikia.