Jinsi ya Kumpunguzia Mwanafunzi Mzigo wa Masomo ya Mtihani

Mzazi wa Kisumu, Kakamega au Nakuru akiuliza mwanawe anafanya masomo mangapi, huambiwa saba au manane, na tofauti ya somo moja huonekana ndogo. Hatua ya kwanza ni kuacha kuhesabu masomo na kuhesabu karatasi za mtihani. Katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, Kiingereza kina karatasi tatu, Kiswahili tatu, Hisabati mbili, huku Biolojia, Kemia na Fizikia zikiwa na tatu kila moja, ya tatu ikiwa ya vitendo katika maabara. Ukiongeza Historia na Biashara, zenye karatasi mbili mbili, mwanafunzi huyo wa masomo manane ana karatasi ishirini na moja. Akiacha Fizikia hubaki na kumi na nane, pamoja na saa zote za miaka miwili ambazo angezitumia kujiandaa kwa zile tatu. Andika hesabu hiyo ukiwa na mtoto wako, kwa sababu mazungumzo mengine yote yataitegemea.

Ni vyema pia kuelewa mzigo huu ulikotoka. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu), ulioanza mwaka wa 1985 kufuatia pendekezo la tume ya Colin Mackay ya 1981, mwanafunzi alisoma masomo mengi hadi Kidato cha Nne, kisha katika Kidato cha Tano na cha Sita akazama katika masomo makuu matatu. Mfumo wa 8-4-4 ulifuta miaka hiyo miwili ya juu lakini haukufuta matarajio yake, hivyo mapana ya elimu na kina chake vikabanwa pamoja ndani ya miaka minne. Ukivuka mpaka wa Busia leo utawakuta wanafunzi wa Uganda wa Kidato cha Tano wakiwa na masomo makuu matatu, karatasi ya maarifa ya jumla na somo moja dogo. Watoto wa pande hizo mbili wana uwezo ule ule. Kinachowatenganisha ni jinsi ratiba zao zilivyopangwa.

Somo la nane lina mtetezi wake mkuu, nayo ni hofu. Tangu mwaka wa 2023, alama ya wastani ya KCSE hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Mwenye masomo saba huhesabiwa yote, ilhali mwenye manane hudondoshewa moja lililo dhaifu. Kinga hiyo ni ya kweli, na sitaki mzazi aambiwe kwamba haipo. Hata hivyo, bei yake hulipwa na masomo yale saba, kwa maana jioni zinazotumiwa kulifukuzia somo ambalo huenda lisihesabiwe ndizo zingemvusha mwanafunzi kutoka C hadi B katika somo ambalo hakika litahesabiwa. Kwa mwanafunzi hodari katika yote, somo la nane halidhuru sana. Kwa yule wa wastani, ambaye ndiye wengi wetu tunamlea, ninaamini linamrudisha nyuma.

Ili kuamua ni lipi liachwe, anzia mwisho. Mwanafunzi ataje kozi mbili au tatu anazozitamani, kisha mtazame katika tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, masomo manne yanayotumiwa kukokotoa pointi za kila kozi. Mara nyingi mtagundua kwamba somo lililokuwa likimkosesha usingizi halikuhitajika kamwe. Anayetaka sheria hahitaji Fizikia. Anayetaka udaktari anahitaji Biolojia na Kemia, lakini anaweza kutegemea Hisabati mahali pa Fizikia. Anayelenga uhandisi hawezi kuiacha Fizikia, ila Biolojia kwake si nguzo. Baada ya hapo linganisheni alama zake za mihula kadhaa, wala si za mtihani mmoja wa mwisho, kwa kuwa muhula mmoja unaweza kuharibiwa na ugonjwa, karo au mwalimu aliyehamishwa. Somo lisilohitajika na kozi, lisilo la lazima, na ambalo alama zake hazijasogea kwa muda mrefu, ndilo la kuachwa, na uamuzi huo ufanywe kabla Baraza la Mitihani halijafungua usajili. Aliyekwisha kusajiliwa asisusie karatasi yoyote bali apunguze tu muda anaolitengea somo hilo.

Nenda shuleni ukiwa na hesabu hiyo mliyoiandika mkononi. Mkuu wa masomo anaweza kukujibu kwamba darasa zima hufanya sayansi zote tatu, na kwamba ratiba haiwezi kuvunjwa kwa ajili ya mtoto mmoja. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, maana shule yenye mwalimu mmoja wa Fizikia na maabara moja hupanga kulingana na ilichonacho. Ndiyo maana mzazi mmoja hafiki mbali, na suala hili linapaswa kupelekwa kwa chama cha wazazi na bodi ya usimamizi. Bodi iombwe mambo mawili: masomo ya kuchagua yafundishwe kwa wakati mmoja katika ratiba ili mwanafunzi aingie darasa lake bila kukosa jingine, na mwalimu asipimwe kwa idadi ya wanafunzi wanaolifanya somo lake, kwa sababu mwalimu anayeogopa kupoteza darasa hatamshauri mtoto kwa haki.

Katika mfumo mpya wa umilisi, unaochukua nafasi ya 8-4-4, sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12) ina masomo saba kwa mwanafunzi, yakiwemo matatu ya kuchagua kulingana na mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Haya ni mageuzi mazuri, lakini yanaweza kuharibiwa kimyakimya shule zikirudisha mzigo ule ule kupitia masomo ya ziada ya alfajiri na tuisheni ya likizo, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaikataza. Kabla ya mtoto wa Gredi ya 9 kuchagua shule, iulizeni kwa maandishi ni michanganyiko ipi ya masomo iliyo na walimu tayari, na kama kuna vifaa vya vitendo. Pia msimsukume katika Hisabati ya juu (Core Mathematics) kwa sababu ya heshima tu ikiwa mkondo wake unaruhusu Hisabati ya kimsingi (Essential Mathematics), ila mkumbuke kwamba mkondo wa STEM hauruhusu. Shule ikikiri kwamba haina mwalimu wa somo analolihitaji, badilisheni shule kwenye orodha yenu mapema, wala msikubali abadilishiwe somo baada ya kuripoti.