Kondoo wageni kwenye malisho ya migunga: namna ninavyowafundisha kula

Niliwahi kununua kondoo jike 14 aina ya Dorper kutoka shamba lenye ua, waliokuzwa kwa nyasi za Boma Rhodes na chakula cha horini, nikawaleta Kajiado katikati ya kiangazi. Chini ya migunga maganda yenye mbegu yalikuwa yametapakaa. Kondoo wekundu wa Kimaasai wa jirani yangu waliyavamia, ukisikia kutafuna kwao utadhani watu wanakula njugu. Wangu walisimama kando, wanalia, macho langoni. Wiki ya tatu ungeweza kuhesabu mbavu zao.

Niliita daktari, nikanyweshea dawa, nikanunua chumvi. Mzee anayenichungia akawatazama, akasema, "Hawa si wagonjwa, bwana. Ni mayatima. Hakuna mama aliyewaonyesha."

Tangu siku hiyo, kondoo akiingia kwangu anapitia hatua hizi.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kufundisha

Chagua kondoo mmoja, mfuate nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, uandike kila anachong'ata. Usiangalie kundi zima, utachanganyikiwa. Kondoo ana mdomo mwembamba na mdomo wa juu umepasuka katikati, kwa hiyo anaweza kuchomoa jani bichi kutoka kwenye shina kavu ambalo ng'ombe angelikumba lote kwa ulimi. Utamwona anapita juu ya nyasi nyingi, anainamia kijimmea ambacho wewe hukukiona.

Usishangae pia akibadilisha chakula kadiri siku inavyokwenda. Kule Uingereza, kondoo waliopewa klova, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, na nyasi kwa uhuru walichukua klova kama asilimia 70, nyingi asubuhi, kisha wakaegemea nyasi jioni. Klova peke yake ilikuwapo ya kutosha, ila hawakuitaka peke yake.

Hatua ya 2: Elewa kwamba mwalimu mkuu ni tumbo

Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunadhani kondoo hula kitamu na kuacha kichungu, basi. Ukweli ni kwamba anaonja, anameza kidogo, halafu mwili unampa jibu. Akishiba vizuri na kupata nguvu, ladha ile inakuwa rafiki. Akichafukwa na tumbo, ladha ile inakuwa adui, hata kama mdomoni ilikuwa tamu.

Watafiti wa Utah, Marekani, waliwapa wanakondoo mabua ya ngano yaliyotiwa ladha fulani, huku wakiwatilia wanga moja kwa moja tumboni. Baadaye wanakondoo wale walipenda mabua yenye ladha ile, ingawa mabua ni mabua. Upande wa pili, dawa inayochafua tumbo iitwayo lithiamu kloridi imetumika kuwafundisha kondoo kuyaacha majani ya mizabibu, ili wapalilie magugu shambani bila kugusa zao. Hiyo usijaribu nyumbani, ni kazi ya wataalamu.

Jambo la kushika ni hili: tumbo likivurugika, kondoo hulaumu chakula kigeni kwanza. Kwa hiyo mimi sileti chakula kipya siku ya kunywesha dawa ya minyoo, siku ya safari ya lori, wala siku kondoo anapohara. Nilipofanya hivyo zamani, walikataa maganda kwa mwezi mzima, na kosa halikuwa la maganda.

Hatua ya 3: Anza na mama na mtoto

Mwanakondoo wa wiki mbili au tatu huanza kunusa na kudonoa anachokula mama yake. Huu ndio wakati wa bei rahisi kuliko wote. Hata kabla ya hapo, harufu ya chakula cha mama, kama kitunguu saumu, humfikia mtoto akiwa tumboni na baadaye kwenye maziwa.

Australia, wanakondoo walioonjeshwa ngano wakiwa na mama zao, muda mfupi tu kwa siku chache, bado waliikumbuka karibu miaka 3 baadaye. Wale walioonjeshwa bila mama walikuwa wazito kujifunza.

Ninavyofanya: wiki chache kabla ya kuwaachisha kunyonya, nakusanya maganda ya mgunga kwa fimbo ndefu yenye kulabu, nayamwaga karai moja bomani jioni, nawaachia majike wanaoyajua pamoja na watoto wao. Mtoto anaingiza pua, anapiga chafya, anaondoka, anarudi. Siku ya nne utamsikia anavunja ganda la kwanza. Wakati huo ndio naanza kuwatoa nje pamoja.

Hatua ya 4: Wakubwa walionunuliwa

Hawa hawana mama, kwa hiyo watafutie shangazi. Nawachanganya na kondoo wenyeji walau wawili kwa kila mgeni mmoja. Njoo na gunia la chakula cha kule walikotoka, ulipunguze polepole kwa siku 10 hivi. Leta kitu kigeni kimoja kwa wakati mmoja, kidogo, baada ya kula walichozoea. Ukimwachia mgeni mwenye njaa kwenye pori asilolijua, atang'ata chochote, na hapo ndipo sumu humpata.

Nafaka iwe na tahadhari zaidi. Mahindi mengi ghafla hutia asidi tumboni, na kondoo asipokufa, ataichukia.

Hatua ya 5: Wape mchanganyiko na mpangilio

Majani ya vichaka vingi yana tanini, kemikali kali ya mimea, ambayo kidogo haidhuru, hata husaidia dhidi ya minyoo, lakini nyingi huzuia mwili kutumia protini. Kondoo akila aina mbalimbali, sumu moja haijai tumboni, na kwa hiyo anaweza kula jumla kubwa zaidi. Wachungaji wa kusini mwa Ufaransa hupanga njia ya siku kama mtu anavyopanga meza ya wageni: kitu cha kuamsha hamu, kisha chakula kikuu, kisha kitamu cha kumalizia. Sisi huku tunaanza na nyasi kavu wakiwa na njaa, vichaka saa nne, maji, halafu maganda jioni.

Hatua ya 6: Usimwamini kwa kila kitu

Tumbo hufundisha kwa jibu la haraka. Mmea unaochelewa kuumiza hauna somo. Marejea (Crotalaria), kwa mfano, aina zake nyingi huharibu ini polepole kwa wiki nyingi, na kondoo hawezi kuunganisha ladha ya mwezi uliopita na ugonjwa wa leo. Hiyo ing'oe mwenyewe au uizungushie ua. Mathenge, ule mti wa miiba wa Prosopis, nayo ina maganda matamu kupita kiasi. Changanya, usiifanye chakula kikuu, kwani sukari ile huharibu meno na fizi.

Hatua ya 7: Wakati wa kuuza

Mnunuzi akija hutaka wazee kwanza, maana ndio wa bei ndogo. Mimi nabakiza wawili au watatu. Kuna mmoja mwekundu ambaye meno ya mbele yamebaki mawili, mwaka jana alitakiwa kwa mchuzi. Upepo ukitikisa mgunga usiku, asubuhi lango likifunguliwa yeye ndiye wa kwanza kutoka, hatazami nyuma, na wale Dorper 14 pamoja na watoto wao humfuata mkia kwa mkia hadi chini ya mti.