Jinsi ya kuandika namba ya simu ya Mfaransa kwa kuisikia tu

Mwongozo huu ni wa wenzangu wa mapokezi na wa kampuni za utalii, wale ambao Kifaransa cha kusalimiana wanacho ila mgeni akianza kutaja namba, kalamu inagoma. Akiwa mbele yako, mpe kalamu aandike mwenyewe. Hapa nazungumzia aliyepiga simu ya mezani na anataka umpigie baadaye.

Hatua ya 1: Salimia. *Bonjour madame* au *bonjour monsieur*, na *vous*, yaani wewe ya heshima, mwanzo hadi mwisho. Ukiruka bonjour, umeshaonekana huna adabu.

Hatua ya 2: Chora visanduku vitano. Namba ya Ufaransa ina tarakimu 10 na husomwa mbilimbili. Ya mkononi huanza na 06 au 07. Tumia karatasi na penseli. Programu za kutafsiri sauti sizitaki kabisa kwenye kazi hii. Zinakuchelewesha huku mgeni anasubiri.

Hatua ya 3: Ukisikia *soixante* (60) au *quatre-vingt* (80), inua penseli. Watu wengi hukwama hapa. Mfaransa hana neno moja la 70, 80 wala 90. Kwake 78 ni sitini na kumi na nane, *soixante-dix-huit*. 95 ni ishirini nne na kumi na tano, *quatre-vingt-quinze*. Ukiwahi kuandika 60 mara tu usikiapo soixante, utajikuta na 60 na 18 kwenye visanduku viwili, na namba nzima imevurugika.

Kwa hiyo subiri neno linalofuata. Likiwa kati ya *un* (1) na *neuf* (9), uko kwenye sitini au themanini. Likiwa *dix* (10), *onze* (11), *douze* (12) na kuendelea hadi *dix-neuf* (19), umeshavuka, uko sabini au tisini. Sasa andika.

Kuna afueni moja: 04 husomwa *zéro quatre*. Hivyo kisanduku kikianza na *quatre* na kufuatiwa na *vingt*, hiyo ni themanini au tisini na kitu, si 4 na 20.

Lakini sikiliza hii: *soixante quatre vingt deux*. Inaweza kuwa 60 na 82, inaweza pia kuwa 64 na 22. Maneno ni yaleyale, visanduku ni viwili kotekote, kwa hiyo hata kuhesabu hakukusaidii. Kinachotofautisha ni pumzi ya msemaji tu, na kwenye simu yenye mikwaruzo pumzi haisikiki. Usibahatishe. Sema *chiffre par chiffre, s'il vous plaît*, atakutajia tarakimu mojamoja. Mimi huomba hivyo hata nikiwa na uhakika, kisha namrudishia zote mojamoja.

Hatua ya 4: Jua mgeni anatoka wapi. Mbelgiji husema *septante* kwa 70 na *nonante* kwa 90, na Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliorithi Kifaransa cha Wabelgiji vilevile. Raha tupu, ingawa 80 yao imebaki quatre-vingts. Uswisi nako ni septante na nonante, na ukipata mtu wa jimbo la Vaud atakuambia *huitante* kwa 80. Ila visanduku vyako vitano ni vya Ufaransa; Waswisi hupanga tarakimu zao kwa namna nyingine.

Hatua ya 5: Weka msimbo wa nchi. +33 Ufaransa, +32 Ubelgiji, +41 Uswisi, +243 Kongo ya Kinshasa. Sifuri ya mwanzo inaondoka.

Hatua ya 6: Saa ya kupiga. Wafaransa wanahesabu saa 24, hivyo *quatorze heures* ni saa nane mchana, kwa saa za kwao. Hatari iko kwenye *deux heures* (saa 2 yao) na *douze heures* (saa 12 yao), zinakaribiana mno masikioni. Muulize *midi?*, yaani adhuhuri? Akijibu *oui*, andika saa sita mchana, halafu ongeza saa moja majira yao ya joto au mbili majira ya baridi, ndiyo saa yako ya kupiga.