Kabla panya hajagusa skrini

Anza na macho. Mbinu hii ya kupima akili ya panya wa maabara, anayefundishwa kugusa picha kwenye skrini kwa pua ili alipwe, ilikuzwa Cambridge na watafiti Tim Bussey na Lisa Saksida. Yote ni picha, na panya wa nasaba za C3H na FVB kwa kawaida hubeba hitilafu ya jeni inayoharibu retina wakiwa bado wachanga. Ukiwaleta hao, utalaumu programu miezi mizima kumbe unafundisha vipofu. Panya mweusi wa nasaba ya C57BL/6 anaona vya kutosha.

Kibali cha kamati ya maadili kiwe mkononi kabla hujapunguza chakula, maana panya aliyeshiba hafanyi kazi. Mpime siku kadhaa akila atakavyo, kisha mshushe polepole hadi asilimia 85 au 90 ya uzito huo. Mizani kila siku, saa ileile.

Zawadi ya panya wadogo ni maziwa matamu ya stroberi. (Panya buku wa Morogoro wanaonusa mabomu wao hulipwa ndizi, kila fundi na ujira wake.) Panya huhofia chakula kigeni, kwa hiyo mwekee maziwa kidogo tunduni siku mbili tatu kabla. Kisahani kikibaki kimejaa asubuhi, subiri.

Skrini yenyewe haifanyi kazi kama ya simu. Miale ya infraredi hupita mbele ya kioo. Pua ikiikata, mguso umehesabiwa. Uchafu nao unaweza kuikata, ukapata miguso mia na panya kajikunyata pembeni. Pitisha kijiti kwenye kila dirisha la skrini, yaani kila nafasi inapotokea picha, ukitazama kompyuta inaandika nini. Halafu pampu inayoleta zawadi: sukuma maziwa mpaka tone la kwanza lining'inie kwenye ncha ya mrija bila povu. Jioni osha kwa maji ya moto, la sivyo kesho mrija umeziba na panya anayejibu sawasawa halipwi. Huyo kumrudisha kazini ni shida.

Kigezo cha kufuzu kiandikwe mapema, usije ukakilegeza ukichoka: kwa kutofautisha picha mbili, mara nyingi ni majibu sahihi 24 kati ya 30, siku mbili mfululizo. Nusu ya panya walipwe kwa picha moja, nusu kwa nyingine, kwa sababu wapo wanaopenda picha fulani tangu siku ya kwanza, bila kufundishwa na mtu.