Jinsi ya kujenga mtego wa swala wa kale hapo uani kwako

Wakuu, sisi wa Mwanza mawe siyo shida, kwahiyo leo nawaelekeza jinsi ya kuwaonyesha madogo uwindaji wa pamoja wa zamani, mimi nilifanya na wapwa zangu hapa Kirumba, badala ya swala tukaweka kuku.

Okota mawe, panga mistari miwili, mwanzoni iachane kama hatua kumi halafu izidi kubanana. Yani kama mbawa za kokoro, ule wavu wa kuvulia samaki (limepigwa marufuku ziwani ila wote tunalijua). Usipandishe juu sana, maana hata mitego ya kale ya aina hii kule jangwani Jordan kuta zake nyingi ni fupi tu, swala akikimbizwa anaufuata ukuta badala ya kuuruka, na kuna mistari inaenda kilomita kadhaa. Mwishoni zungushia boma, na pembeni ya boma chimba shimo ambalo mnyama halioni mpaka ameshafika. Sisi tuliweka beseni.

Sasa gawa watu, wengine wafukuze kwa nyuma wengine wazibe pembeni. Mara ya kwanza nilimwachia dogo mmoja peke yake, jogoo karuka ukuta kaishia kwa jirani.

Wakichoka wahadithie Jibal al-Khashabiyeh, hukohuko Jordan, miaka 9000 hivi iliyopita wawindaji walijenga vibanda vya duara karibu na mitego yao, si unajua mtego wa mawe huhami nao. Walichonga mawe mawili yenye sura za watu, na kando wakaacha kamtego kadogo ka mfano, kama haka ketu.