Jinsi nilivyoacha kulipia apu ya muziki kila mwezi na kujitengenezea maktaba yangu nyumbani

Kilichonitoa kwenye strimingi siyo bei. Kulikuwa na albamu moja ya taarab nimeidaunilodi kabisa humohumo kwenye apu, asubuhi moja nafungua nakuta nyimbo zote zimekuwa kijivu, unagusa hakuna kitu, na mwezi huo nilishalipa. Ndo nikaanza kukusanya faili zangu mwenyewe, sasa hivi ni mwaka na kitu, nimeharibu vitu vingi njiani kwa hiyo wacha niwape njia iliyonyooka.

Hatua ya 1. Usikate apu leo

Kaa nayo wiki mbili, chukua daftari, kila unachosikiliza kiandike. Mi nilikuwa na nyimbo zaidi ya 2,000 nilizopiga laiki, ila kwenye daftari zilitoka albamu 38 tu. Anza na hizo. Ukitaka kuhamisha kila kitu utachoka siku ya tano na utairudia apu, nawajua watu wawili wamefanya hivyo na mmoja wao ni mimi mara ya kwanza.

Hatua ya 2. Diski

Nunua eksteno (diski ya nje) ndogo ya inchi 2.5, ile inayopata umeme kwa waya wa USB. Zile kubwa zina adapta yake ya ukutani, umeme ukikatika inazima katikati ya kuandika faili, na huku kwetu umeme unakatika. Ndogo ikiwa kwenye leptopu yenye betri nzima inaendelea kama kawaida.

Ukiona flashi ya 2TB inauzwa elfu 20 Kariakoo, pita. Mi nilinunua. Inaonyesha 2TB kweli, inakopi vizuri, majina ya faili yote unayaona, ukija kufungua hazifunguki maana ndani ilikuwa na GB chache zikijaa inaandika juu ya zilizopo. Chochote utakachonunua kipime kwanza na programu ya H2testw, ni ya bure, inajaza diski yote afu inasoma ilichoandika. Inachukua masaa, iache ilale nayo.

Hatua ya 3. Pata muziki

CD ndo rahisi kuliko zote. Leptopu za siku hizi hazina pa kuweka CD, tafuta drive ya nje ya USB, afu tumia programu ya Exact Audio Copy au fre:ac kunakili CD, chagua aina ya faili inayoitwa FLAC. FLAC inabana faili bila kutupa sauti yoyote, CD moja inakuja kama MB 300 hadi 400, kwa hiyo hata diski ya 500GB inabeba CD zaidi ya 1,000. Usiende MP3 moja kwa moja, kutoka FLAC kwenda MP3 unaweza wakati wowote, kurudi huwezi.

Za kununua mtandaoni, kwenye tovuti ya Bandcamp unalipia mara moja unashusha faili yenyewe, na singeli za Dar zipo, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala wanauza. Zile za kuwekewa kwenye memori kadi kibandani mi niliacha, msanii hapati kitu na bado katikati ya kiitikio anaingia dijei anataja jina la tovuti yake.

Sasa kanda. Baba aliacha katoni la sabuni limejaa kanda za taarab, na hizi hakuna apu inayo. Kabla hujapiga kanda iliyokaa miaka, iangalie kile kisponji kidogo katikati chini, kama kimebanduka usiipige, toa kingine kwenye kanda mbovu. Afu izungushe yote mpaka mwisho na kurudi, ile ya kalamu ya Bic tuliyokuwa tunafanya zamani, maana utepe unakuwa umegandana. Hedi ya redio, kile chuma kinachogusa utepe, isafishe na pamba yenye spiriti, ikitoka na rangi ya kahawia rudia tena mpaka itoke nyeupe.

Waya toa kwenye tundu la hedifoni la redio kwenda kwenye kompyuta, rekodi na programu ya Audacity. Hapa ndo nilipoliwa: tundu la leptopu yangu ni la maiki, linachukua upande mmoja tu. Nilirekodi kanda 7 nzima ndo nikaja kushtuka mbona fidla na akodiani zote zimerundikana katikati, yani stereo haipo. Nikarudia zote. Tafuta kadi ndogo ya sauti ya USB yenye laini ya kuingizia, na jaribu dakika moja kwa hedifoni kabla hujaanza.

Sauti weka ili sehemu ya juu kabisa iguse kama -6 dB kwenye mita ya Audacity, ikigonga 0 imekatika na hairekebishiki. Ukimaliza upande mmoja, weka lebo mwanzo wa kila wimbo kwa Ctrl+B, afu unazihifadhi zote kwa mpigo kila wimbo na faili yake. Ule mchakacho unaweza kuupunguza kidogo ila ukikaza sana ganuni inasikika kama inapigwa ndani ya ndoo. Ya asili ihifadhi bila kuigusa, cheza na kopi.

Hatua ya 4. Majina

Hii kazi inachosha lakini ukiiruka utakuwa na dampo siyo maktaba. Programu ya MusicBrainz Picard inasikiliza faili na kujaza jina, mwaka na kava yenyewe. CD zangu nyingi ilizitambua, kanda za baba karibu zote niliandika kwa mkono nikisoma mwandiko wake. Kwenye taarab usichanganye: kikundi kiandike kama msanii wa albamu, mwimbaji kama msanii wa wimbo, la sivyo kanda moja inagawanyika vipande vinne.

Hatua ya 5. Kusikiliza kwenye simu bila bando

Weka Jellyfin kwenye leptopu ya zamani, ni programu ya bure inayorusha muziki wa kwenye leptopu kwenda kwenye simu. Fungua brauza andika localhost:8096, tengeneza akaunti, ionyeshe folda la muziki, basi. Kwenye simu weka apu ya Finamp, andika namba ya leptopu (anwani ya IP) kwenye mtandao wa ndani, kwa mfano http://192.168.1.20:8096.

Watu wananibishia kila siku kwamba bila bando haiwezi kupiga: waifai siyo intaneti jamani. Ruta ikiwaka, hata bando limeisha, simu na leptopu zinaongea. Huna ruta, washa hotspoti ya simu, zima data, leptopu iunge humo, muziki unapiga na hakuna hata MB moja inayokatwa. Namba ya leptopu ikibadilikabadilika, ingia kwenye mipangilio ya ruta uifunge ibaki moja.

Ya kwenye gari geuza MP3, weka flashi yenye mfumo wa FAT32, redio nyingi za gari hazisomi kingine.

Hatua ya 6. Kopi ya pili

Diski itakufa tu, hiyo sina mjadala. Nina mbili zinazofanana, moja ipo kwangu moja ipo kwa dada Morogoro kwenye kabati la nguo. Kila nikienda nabeba mpya narudi na ya zamani, naisasisha na FreeFileSync, hiyo inakopi kilichobadilika tu. Mara ya mwisho nilimkuta kaichomeka kwenye TV yake, anapiga kanda ya baba anafua. Nikamwachia mpaka imalize upande wa B ndo nikaichomoa.